Shajara ya pilipili mbuzi ndani ya nyumba: matunda sita kwa siku moja

Siku 221 zimebaki

Safari hii nahesabu siku kurudi nyuma. Msimu uliopita nilianza na mbegu, nikaacha mimea ijiendee, na siku ya mashindano nikajikuta na matunda mazuri manne mekundu na mengine ishirini ya kijani. Daraja ninaloshindania linataka matunda sita ya pilipili mbuzi: yawe ya aina moja ya mbegu, yameiva sawasawa, na kila moja lina kikonyo chake kibichi. Tena yawe yamekuzwa kwa njia hai, bila mbolea ya chumvi wala dawa ya viwandani, na shajara inawasilishwa pamoja na sahani. Ndiyo maana naandika kila kitu, hata kisichopendeza.

Leo ni udongo tu. Mmea unaolishwa kwa mbolea ya maji unaweza kusahihishwa wiki hiyohiyo. Unaolishwa na udongo hula kile ulichokiandaa miezi miwili nyuma, kwa hiyo mashindano haya kwangu yanaanzia kwenye pipa. Nimechanganya sehemu moja ya mboji iliyokomaa pamoja na mbolea ya minyoo, sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa vizuri ili chumvi itoke, na sehemu moja ya perlaiti (vijiwe vyepesi vyeupe vya volkano) na mapumba ya mpunga ili mizizi ipate hewa. Jumla ni lita 110. Juu yake nikatia mashudu ya mwarobaini, unga wa mwani, unga wa magamba ya kaa, jasi kidogo na vumbi la mwamba wa volkano.

Mboji ni yangu mwenyewe. Rundo lilikaa juu ya nyuzi 55 kwa zaidi ya siku tatu mfululizo, nikaligeuza, likapanda tena. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi, na mboji ambayo haikulipata siiingizi ndani ya nyumba. Nimelowesha mchanganyiko mpaka nikiukamua mkononi unashikamana na kutoa tone moja au mawili, basi. Nimefunika, na sitaugusa ila kuugeuza kila wiki.

Siku 214 zimebaki

Katikati ya pipa kuna nyuzi 41. Mashudu yameanza kuoza. Mche ukitiwa humu leo mizizi itaungua, kwa hiyo tunangoja.

Siku 183 zimebaki

Pipa limepoa, linanuka msitu baada ya mvua. Uchachu wa udongo, yaani pH, ni 6.5. Utando mweupe wa kuvu umetambaa juu ya mapumba kama pamba iliyochambuliwa, na hilo nimelifurahia sana.

Nimepanda mbegu 12 za tunda moja, nililolihifadhi kutoka tawi lililovikwa mfuko wa shashi ili chavua ya jirani isiliingilie. Pilipili hujichavusha yenyewe, lakini nyuki akipita huchanganya, na mchanganyiko hauonekani kwenye tunda la mwaka huo. Unaonekana kwa watoto. Kwa mtu anayetafuta matunda sita ya sura moja, mbegu isiyojulikana asili yake ni kazi bure.

Mbegu zimelala usiku mzima kwenye maji ya vuguvugu, sasa ziko kwenye trei yenye nyuzi 28. Pilipili mbuzi ni ya jamii ya *Capsicum chinense*, na jamii hii haina haraka. Wanaozoea pilipili ndefu za kawaida, zinazochomoza kwa wiki moja, huzichimbua mbegu hizi wakidhani zimeoza.

Siku 171 zimebaki

Wa kwanza ametoka! Shingo imejikunja, kofia ya mbegu bado kichwani. Sikuivuta. Nimeilowesha kwa tone la maji, jioni ikadondoka yenyewe.

Siku 164 zimebaki

Kumi kati ya 12. Taa ya LED iko sentimita 50 juu ya majani, saa 16 kwa siku. Pilipili haingoji usiku mrefu ili itoe maua, kwa hiyo sina ratiba ya taa ya kubadilisha baadaye. Ninachoangalia ni majani: yakikunja kingo kuelekea juu kama mtumbwi, taa iko karibu mno au joto limezidi.

Siku 150 zimebaki

Vijinzi vyeusi. Vilitoka kwenye mbolea ya minyoo, sina shaka. Vikubwa havidhuru, ila mabuu yao hutafuna mizizi laini ya miche, na miche miwili imedumaa. Nimeacha uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena, nimetundika karatasi za njano zenye gundi, na nimemwagilia minyoo wadogo sana wa aina ya *Steinernema feltiae*, ambao huingia ndani ya buu na kulimaliza. Hao huhitaji udongo wenye unyevu ili watembee, kwa hiyo nimewamwagilia jioni, taa zikiwa zimezimwa, na siku nne zinazofuata sitakausha udongo.

Miche nimeichuja. Nimebakiza mitano iliyofanana urefu na nafasi kati ya jani na jani. Mmoja uliokuwa mrefu kuliko wote nimeutoa, na moyo uliniuma. Ukubwa wake ungenipa tunda kubwa, lakini ningepata wapi matano ya kuufuata?

Siku 131 zimebaki

Mitano yote imehamia kwenye mifuko ya kitambaa ya lita 20, ndani ya hema la kuoteshea la mita 1.2 kwa 1.2, taa ya wati 240. Kwenye kila shimo nimenyunyiza unga wa kuvu rafiki wa mizizi, ukigusa mizizi yenyewe. Ukimwagwa juu ya udongo haufanyi kazi, kwa sababu kuvu hao wanahitaji mzizi hai ili waanze kuishi. Juu nimetandika majani makavu unene wa vidole viwili.

Maji ya bomba naacha ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumia, ili klorini iondoke. Palipo na kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) njia hii haisaidii, inabidi kichujio cha mkaa. Nimepima maji yangu, ni klorini tu.

Siku 126 zimebaki

Nimekata ncha juu ya jani la saba, mimea yote siku moja na kimo kimoja. Kuanzia leo chochote ninachoufanyia mmea mmoja nitaifanyia mitano.

Siku 104 zimebaki

Machipukizi ya maua kwenye panda za matawi. Joto la mchana 27, usiku 21, unyevu wa hewa asilimia 60 hivi.

Nimeamua kuyaacha maua haya ya kwanza yatunge. Wapo wanaoyachuma yote ili mmea ukue, nami nilifanya hivyo msimu uliopita. Safari hii nataka matunda ya majaribio, yanieleze mmea unakosa nini wakati bado kuna muda wa kurekebisha.

Siku 78 zimebaki

Na yamenieleza.

Nilisafiri siku mbili. Nilimwagilia kabla ya kuondoka, ila sikuhesabu kwamba mimea imekua na sasa kila mmoja unakunywa zaidi ya lita moja kwa siku. Niliporudi mifuko ilikuwa miepesi kama makapi, majani yamelala. Nikafanya kosa la pili kubwa kuliko la kwanza: nikamwaga maji mengi kwa mpigo. Na feni ya kutoa hewa ilikuwa imesimama, unyevu ndani ya hema asilimia 82.

Leo nimekuta doa kwenye matunda saba. Nimelichuma moja na kulitazama chini ya taa. Ncha ya chini, pale ua lilipodondokea, ina duara la rangi ya chai ya maziwa, kipenyo cha milimita sita. Ngozi imebonyea, kavu, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Nikalipasua: ndani ukuta ni mweusi, mbegu zilizo karibu ni za kahawia, na sehemu ya juu ya tunda ni nzima kabisa, ya kijani, inanukia vizuri.

Huku ni kuoza kitako. Wengi wakikuona hukimbilia kusaga maganda ya mayai. Nauheshimu mkono unaotaka kusaidia, lakini ganda la yai huchukua miezi kuvunjika udongoni, na tatizo langu halikuwa upungufu wa kalisi (madini ya kalsiamu) udongoni. Jasi ipo, magamba ya kaa yapo. Kalisi husafiri na maji tu, ikivutwa juu na majani yanapopumua. Udongo ukikauka, hakuna kinachosafiri. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, majani hayavuti. Na hata siku ya kawaida majani hupata mgao mkubwa na tunda hupata kidogo, kwa sababu tunda halipumui kama jani. Mimi nilifunga njia zote mbili kwa siku mbili.

Kwa hiyo dawa haikutoka kwenye kopo. Nimenunua mizani ya kuning'iniza. Mfuko ulioshiba maji una kilo 14, na hautashuka chini ya kilo 12.5 tena. Asubuhi kidogo, jioni kidogo. Feni imerudi, na feni ya pili inapeperusha hewa kati ya matawi usiku kucha. Matunda yote ya kwanza nimeyachuma, mazuri na mabovu. Mimea imebaki mitupu na inapendeza.

Siku 72 zimebaki

Machipukizi ni mengi. Kwa kumbukumbu zangu za msimu uliopita, chumba hiki na joto hili huchukua siku 60 hadi 66 kutoka ua kufunguka hadi tunda kuwa jekundu kabisa. Maana yake maua yangu ni yale yatakayofunguka kati ya siku ya 68 na ya 65. Siku nne. Yatakayotangulia yatakuwa yamelainika siku ya mashindano, yatakayochelewa yatakuwa na mabega ya kijani.

Kuna daraja la ukali pia, ambako sampuli hupimwa maabara, na mara nyingi naulizwa kwa nini nisiingie huko. Mwaka 1912 Wilbur Scoville alipima ukali kwa kuonjesha watu maji ya sukari yenye pilipili, akiyazimua zaidi na zaidi mpaka wasiuhisi tena. Leo mashine inapima kapsaisini yenyewe, ile kemikali inayowasha, na mwaka 2023 pilipili iitwayo Pepper X iliandikwa na Guinness kwa wastani wa 2,693,000 kwa kipimo cha Scoville. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini kwenye ukali unashughulika na tunda moja moja, na mimi navutiwa na sita kuwa kitu kimoja.

Siku 68 hadi 65 zimebaki

Nimekaa ndani ya hema siku nne hizi zaidi kuliko kitandani.

Ua la pilipili mbuzi linainamisha uso. Petali ni nyeupe yenye ukijani, na katikati vifuko vya chavua ni vya zambarau inayokaribia bluu. Asubuhi vifuko vimefumba, vinang'aa kama punje za mtama mbichi. Karibu na saa sita mchana vinapasuka kwa urefu na unga hafifu unajitokeza kwenye mpasuko. Hapo ndipo nagusa kikonyo cha ua kwa mgongo wa mswaki wa umeme, sekunde mbili tu. Unga unadondoka, na ukiweka kioo cheusi chini unauona ukitua. Humu ndani hakuna upepo wala nyuki wa kuifanya kazi hii.

Joto nimelizuia lisipite 28. Likifika 33 chavua hudhoofika na maua huanguka, na ua lililoanguka wiki hii silirudishi.

Kila ua nililolichavusha nimelifunga uzi mweupe wa pamba, fundo legevu. Yamefika 61.

Siku 58 zimebaki

Kati ya 61 yametunga 38. Nilitaka kupunguza hadi manane kila mmea, jumla 40... hapana, 38 hayatoshi manane kwa kila mmoja. Mmea wa nne una sita tu. Minne mingine ina manane kila mmoja, jumla 38, yote nimeyaacha, na maua mengine yote yanayofunguka sasa nayachuma kila asubuhi. Mmea ulioachiwa matunda mengi huyagawia visivyo sawa.

Nimeongeza mbolea ya minyoo juu ya udongo, kikombe kimoja kwa mfuko, chini ya matandazo. Ni nyongeza ya kwanza na ya mwisho. Majani ni ya kijani cha wastani, na rangi hiyo inanitosha. Kijani kizito kinachong'aa ni nitrojeni iliyozidi. Majani hujazana, tunda huchelewa kuiva, na vidukari hupenda utomvu wa mmea wa namna hiyo.

Siku 47 zimebaki

Binti yangu hunisaidia kusoma kipimajoto akitoka shule. Leo ameniita: "Baba, hili jani linanata."

Nilipoligeuza, vidukari. Wa kijani hafifu, wamejipanga kwenye mshipa mkuu, wakubwa kwa wadogo. Kunata ni ule ute mtamu wanaoutoa, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Ukungu huo ukifika kwenye tunda hausugukiki bila kuliharibu.

"Nyunyiza sabuni, Baba," akasema, kwa kuwa aliniona nikifanya hivyo mwaka jana. Sabuni laini inaruhusiwa, na ingewaua wengi leo hii. Lakini ngozi ya tunda ina nta nyembamba ya asili inayolipa mng'ao, na sabuni huiacha na mabaka. Tukaosha jani kwa jani kwa maji matupu na sponji, yeye akishika kibakuli, saa mbili nzima. Waliobaki nimewaagizia nyigu.

Siku 43 zimebaki

Wamefika kwenye kichupa, *Aphidius colemani*, wembamba kuliko sisimizi mdogo, hawaumi mtu. Nimefunika matundu ya hema kwa shashi na kufungua kichupa chini ya mmea wa pili. Jike hupinda tumbo kupita katikati ya miguu yake na kumchoma kidukari, akiacha yai ndani.

Siku 33 zimebaki

Binti yangu ndiye aliyeona tena. Kati ya vidukari wa kijani kuna waliovimba duara, hawatembei, rangi ya dhahabu iliyofifia. Tumeazima lenzi. Kila mmoja ni ganda tu, na ndani yake nyigu mpya anakua. Ganda moja lilikuwa tayari na tundu la mviringo mgongoni, limekatwa safi kana kwamba kwa bikari, na kifuniko chake bado kinaning'inia. Amehesabu 54 kwenye jani moja. Nimeandika namba hiyo kwa sababu ni yake.

Siku 24 zimebaki

Vidukari wachache mno. Matunda yamefika ukubwa wake, ya kijani, ngumu. Nazungusha kila mfuko robo mzunguko kila baada ya siku mbili, na majani yanayolalia tunda nayasogeza kwa uzi. Tunda lililofunikwa na jani hubaki na kivuli upande mmoja hata likiiva.

Siku 11 zimebaki

Rangi imeanza kuvunjika. Kwanza kijani kinafifia kuwa kama kahawia ya mzeituni, halafu chungwa kutoka ncha kupanda juu. Matunda 29 kati ya 38 yamebadilika ndani ya siku mbili. Zile siku nne za maua zimelipa.

Siku 4 zimebaki

Mekundu. Nimepima kwa kalipa yakiwa mtini, bila kuyashika ngozi: upana kati ya milimita 33 na 38. Nimeweka alama kwenye 11 yaliyo kati ya 35 na 36. Moja zuri kuliko yote lina 38, mabega yamejaa, mikunjo mitatu iliyopangika. Halimo, kwa sababu likiwekwa sahanini matano mengine yataonekana madogo.

Siku 1 imebaki

Nimeyakata jioni kwa mkasi wenye ncha, sentimita mbili za kikonyo, nikishika kikonyo tu. Gramu 9.6, 9.4, 9.7, 9.5, 9.5, 9.8, na mawili ya akiba. Sikuyaweka kwenye friji, kwa sababu chini ya nyuzi 7 pilipili hupata majeraha ya baridi na ngozi hubonyea. Yamelala kwenye sanduku lenye pamba, chumba chenye nyuzi 12.

Siku yenyewe

Nafasi ya pili.

Kadi ya waamuzi imesifu ulingano na rangi, na shajara wameisoma, maana wameuliza kuhusu mizani. Waliponishushia ni vikonyo: viwili vilikuwa vimeanza kunyauka mahali pa mkato. Sahani iliyoshinda ilikuwa na vikonyo vibichi kabisa, na mwenye nayo aliniambia waziwazi kwamba aliyakata alfajiri ya leo, mimea ikiwa imekunywa usiku kucha. Nilimshukuru kwa dhati. Tofauti yetu ilikuwa muda wa saa kumi.

Tunda la milimita 38 bado liko mtini. Tawi lake nililivika shashi tangu likiwa chipukizi, kwa hiyo mbegu ni safi. Nitaliacha mpaka lilainike, nichukue mbegu.

Udongo wa mmea wa nne, wenye matunda sita, nimeumwaga leo jioni kutazama. Mizizi myeupe mpaka kwenye kitambaa, isipokuwa upande mmoja uliogusana na ukuta wa hema, ambako palikuwa pamekauka na hapakuwa na mzizi hata mmoja. Msimu ujao mifuko inakaa sentimita 15 kutoka ukutani. Ule mzuri nimeurudisha kwenye pipa pamoja na mboji mpya lita 15 na mashudu, nimelowesha, nimefunika.